Ukibisha Hodi Gari Likaitika

Kwanza futeni mikono. Sijali umetoka chuo gani cha ufundi, wala kama mjomba wako ni mtu wa kujuana na wakubwa huko Hola. Kabla hujagusa mlango wa gari lililoletwa kwetu kubomolewa, futa mikono, simama upande wa dereva, bisha hodi, kisha usubiri. Usipojibiwa, fungua uanze kazi. Ukijibiwa, rudi nyuma umwite mtu.

Najua mnacheka. Hata mimi nilicheka nilipofundishwa, na wakati huo nilikuwa na meno yote ya kuchekea.

Naitwa Mama Jillo, mzaliwa wa Hewani. Nimefanya kazi katika kiwanda hiki cha magari nje ya Garsen tangu kilipokuwa kikiunda magari mapya. Nilianza kama mpiga rangi. Kifua kilipoanza kunikoroma, wakanitoa kwenye rangi wakanipa kazi ya kuajiri watu, na hiyo ndiyo niliyoifanya mpaka nikastaafu. Juzi Injinia Karisa, mkuu wa yadi, alikuja nyumbani akakuta napepeta mchele. Akaniambia, "Mama Jillo, waandikie hawa wapya tunaowachukua. Waambie mambo yalivyo, wasije wakanitoroka siku ya kwanza kama wale wengine." Nikamwambia nikiwaambia mambo yalivyo ndiyo watatoroka. Akasema bora watoroke kabla hajawanunulia buti.

Basi someni. Atakayetoroka aache buti getini.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Salim wa Kipini, Mungu amrehemu. Mlango wangu wa kwanza niliupaka siku ya upepo. Mnalijua vumbi la Garsen. Lilikuja lote, na nzi wakaja nalo, wakatulia ndani ya rangi mbichi kama chembe za iliki kwenye mahamri. Salim aliuzunguka mlango ule mikono ikiwa nyuma, akaniuliza, "Mwanangu, hayo mato yako ni ya kutilia wanja tu? Nzi wote wa Tana umewaajiri humu." Nilikwangua mlango ule hadi kucha zikauma. Kutoka siku ile nilijifunza kumwaga maji sakafuni kwanza, vumbi lilale, kisha ndipo nishike bomba la rangi. Hakuna kitabu kilichoniambia hivyo.

Salim alikuwa na desturi mbili ambazo sisi vijana tulizifanyia mzaha. Ya kwanza, kila gari likiisha kupakwa alituambia tuchovye kidole gumba kwenye rangi iliyobaki, tukakibandike kwa ndani chini ya boneti. "Likirudi, mulijue," alisema. Tukamwambia, fundi, gari likishauzwa linarudi kufanya nini? Yeye akawa anafuta tu gumba lake kwa kitambaa.

Ya pili ni hiyo hodi. Zamani huko pwani aliwahi kuvunja magari makuukuu, na gari lililokwisha kubeba watu hakuliingia hivihivi. "Kitu kilichokaliwa na watu ni nyumba," alituambia. "Nyumba hubishiwa hodi. Ukisikia kimya, kimya ndiyo karibu yake."

Magari yetu wakati ule yalikuwa hayajakaliwa na mtu. Vipande vilikuja ndani ya masanduku ya mbao, tukaviunganisha, lori likatoka getini linanukia rangi na mpira. Kwa hiyo hodi ya Salim ilikaa bila kazi, naye akafa, nasi tukaisahau.

Kisha wenye kiwanda wakatukusanya chini ya bati la karakana wakatuambia magari mapya basi. Kuanzia sasa, gari likichoka litarudi kwetu. Tutalibomoa, kilicho kizima kitarekebishwa kiuzwe tena, chuma kitapelekwa kuyeyushwa, na oili itatunzwa isiende mtoni. Karisa, ambaye alikuwa kijana bado na kalamu mbili mfukoni, akasema huo unaitwa uchumi wa mzunguko. Wenzangu wakaguna. Mimi sikuona ajabu. Sisi Wapokomo tunalima udongo ambao si wetu. Maji yanauleta kutoka kwa watu wa juu, tunapanda mpunga na ndizi, na mto ukifura tena unauchukua kuwapelekea wa chini. Mzunguko nimezaliwa nao. Kilichonishughulisha ni kupata watu wa kuifanya kazi yenyewe.

Maana kuunganisha gari ni kama harusi, kila mtu anataka kuwepo. Kubomoa ni kama matanga. Watu wanakuja, lakini hawaji kwa furaha, na wengine wanatafuta pa kukaa karibu na mlango. Mafundi wetu wazuri wa zamani waliondoka mmoja mmoja. Hawakuogopa spana. Waliogopa walichokikuta. Utavuta zulia la gari utokee na kiatu cha mtoto. Utafungua kijisanduku cha mbele ukute tasbihi, au kipande cha muhogo kimekauka na alama za meno. Na viti, wanangu. Kiti cha dereva hakimsahau mtu. Nilimpa kijana mmoja wa hapa Garsen kazi ya kung'oa viti, joto la adhuhuri lilikuwa kali, na sponji ya kiti kilichokaliwa miaka ikaanza kuinuka polepole, pale katikati penye shimo, kama mtu anayenyanyuka bila haraka. Kijana akaja kwangu mbio.

"Mathe, ile siti imesimama."

"Siti husimama vipi?"

"Imesimama, mathe, nakushow. Kuna msee alikuwa amekaa. Mi naenda home."

Akaenda. Chapati zake zilibaki kwenye dirisha, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kuzila, hata paka.

Nikaona njia yangu ya kuajiri haifai tena. Zamani niliuliza mtu kama anajua kushika spana. Sasa nikabuni mtihani mwingine, na nyinyi mtaupita huo huo, kwa hiyo nawaibia siri. Nilimpeleka mwombaji kwenye gari kuukuu, peke yake, nikamwambia abishe hodi, aingie, akae mpaka nimwite. Akitoka nilimwuliza swali moja tu: gari hili lilikuwa la nani?

Aliyesema "Sijui, mimi nilikaa tu," nilimwambia asante na njia ile pale. Aliyesema ameona jini lenye macho mekundu, naye pia njia ile pale, maana huyo atatumalizia siku kwa hadithi. Lakini alikuja msichana wa Nanighi, mwembamba, akakaa kwenye pikapu moja, akatoka akaniambia, "Lilikuwa la mtu mfupi, kiti kimevutwa mbele kabisa. Alikuwa anabeba mbuzi. Mkono wake wa kulia ulikuwa unakaa dirishani, mpira umelika. Na mguu wa kushoto hakuutoa kwenye klachi, pedali imeisha upande mmoja." Akaongeza, "Klachi yake msimwuzie mtu." Nilimwandika kazi kabla hajafuta jasho. Mtu akimjua mwenye gari kwa alama alizoziacha, anajua pia kipi bado kizima na kipi kimekufa. Kubomoa hakuna siri nyingine kubwa.

Hodi nayo niliirudisha mimi. Niliona inawatuliza watu. Mimi ni mtu wa kanisa, sina habari na mambo ya mizimu, na kwangu ilikuwa adabu tu, kama kuvua kofia. Hivyo ndivyo nilivyofikiri mpaka lilipoletwa lori la Barisa.

Barisa alikuwa dereva, Muorma wa hapa hapa Garsen, mtu wa maneno machache aliyependa kusalimu kwa kuinua kidole kimoja kwenye stelingi. Mto ulipofura na maji kuikata barabara, Barisa alikuwa njiani na lori limejaa mzigo wa mchele. Hakufika. Maji yalipopungua, lori lilikutwa mbali na barabara, limesimama kwenye vichaka, tope hadi kwenye taa. Milango imefungwa. Vioo vimepandishwa juu. Ufunguo haupo. Mzigo haupo. Barisa hayupo. Watu walichokora tope la ndani kwa fimbo kupitia kioo kidogo cha nyuma kilichovunjwa na maji, fimbo haikugusa mtu, wakasema basi.

Mnajua mdomo wa mji. Mtu aliyechukuliwa na maji hafungi mlango, walisema. Hapandishi kioo. Hachukui ufunguo. Barisa ameuza mchele wa watu, amelisukuma lori majini, ameshika njia ya Mombasa ana mwanamke huko. Wengine walikuwa wameshamwona kwa macho yao, anakula samaki Likoni. Lisemwalo lipo, wakaambiana, na waliokuwa hawajasema wakasema.

Aliyebaki na mzigo huo ni Hawo, mke wake. Alikuwa akituuzia maziwa getini, na kabla ya hayo yote alikuwa mcheshi, akikupimia kikombe anakuongezea tone na utani juu yake. Sasa Hawo hakuwa mke wala mjane. Ndugu za mume walikataa kukaa matanga ya mtu aliyetoroka. Wazee na kadhi wakamwambia asubiri, maana hakuna mwili wala habari. Hakuweza kukaa eda, hakuweza kumlilia mumewe mbele za watu, na watoto wake walipokwenda dukani waliitwa watoto wa mtoro. Nilimwona siku moja amesimama getini na dumu lake la maziwa, hakuna aliyemwita, naye hakuita. Roho iliniuma, nikanunua maziwa yote ingawa tumbo langu na maziwa hayapatani.

Mwenye lori alilikataa. Likaletwa kwetu juu ya trela, kavu, rangi ya udongo kila mahali, kufuli ya mlango wa dereva imeshavunjwa. Mimi mwenyewe nilifungua boneti ili tutoe betri, maana sheria ya yadi ni hiyo: betri kwanza, kisha mafuta na oili, halafu mengine. Chini ya boneti, kwenye kona ambayo maji hayakufikia, palikuwa na alama ya gumba la buluu. Ilikuwa yangu. Nina kovu la mundu kwenye gumba hili, na kovu lilikuwa limechorwa pale katikati ya rangi. Lilikuwa gari la kwanza tulilounda wenyewe kurudi kwetu. Nilisimama pale na spana mkononi, nikamkumbuka Salim.

Betri ikatolewa. Niliiona kwa macho yangu inapelekwa stoo kwenye kitoroli.

Mkataji wetu wa vyuma alikuwa Kazungu, Mgiriama mwenye mabega ya kubebea mlango, mtu ambaye nyoka akimpita miguuni anamsogezea tu mguu. Alifuta mikono, akasimama upande wa dereva, akabisha. "Hodi."

Honi ya lori ikalia. Fupi, fupi, ndefu.

Yadi nzima iligeuka. Kazungu hakukimbia mara moja. Aligeuka kuniangalia mimi, kama anayeuliza ni nani kati yetu aliyefanya mzaha, na alipoona uso wangu ndipo akaweka moto wake wa kukatia chini na kutembea hadi nje ya geti. Wenzake wakamfuata. Huko nje wakakaa kwenye kivuli cha ukuta.

Karisa alikuja na miwani yake. Akasema kuna umeme uliobaki kwenye nyaya, mambo hayo hutokea. Akaingia chini ya lori, akakata waya wa honi kwa koleo, akatuonyesha ncha zote mbili. "Mmeona? Basi. Bisha sasa, Kazungu."

"Bisha wewe, Injinia," Kazungu alisema kutoka getini. "Mimi nimeshabisha yangu."

Karisa akabisha. Alitaka kucheka alipokuwa akibisha, niliona. "Hodi humu ndani."

Fupi, fupi, ndefu.

Aliliangalia koleo lake, akalitia mfukoni. Tulipofika ofisini alisema tu kwamba atakunywa maji. Watu hawakurudi kazini siku ile wala iliyofuata. Walisema wako tayari kubomoa gari lolote, ila si kwa kuingia nyumba ya mtu aliyesema yumo. Wenye kiwanda wakapiga simu kuuliza kwa nini yadi imesimama. Karisa akaniambia, "Mama Jillo, wewe ndiye wa kuajiri. Niajirie mtu mmoja wa kulifungua lile lori."

Nikatangaza nafasi. Walikuja vijana wengi wakapanga foleni, na habari ya lori ilipotembea kwenye foleni kutoka mbele kwenda nyuma, foleni ikaliwa kutoka nyuma kuja mbele. Nilipoinua kichwa nikakuta amebaki mtu mmoja. Alikuwa Hawo. Ameweka dumu lake la maziwa chini, amesimama nalo miguuni.

"Maziwa leo tumepata," nikamwambia, kwa kutojua la kusema.

"Mimi sijaleta maziwa, mama. Mimi nataka kazi. Kazi ya hii lori."

"Hawo, mwanangu. Unajua lori hili ni la nani?"

"Najua. Ndiyo maana nataka." Alisema bila kupandisha sauti. "Watu wanasema Barisa amekimbia. Mimi najua Barisa. Lakini kujua yangu haisaidii watoto. Kama iko kitu ndani, mimi nitaona. Kama hakuna, pia nitaona. Nipe kazi, mama."

Kazungu, aliyekuwa akisikiliza ukutani, akasema si vizuri, mwenye msiba hachimbi. Hawo akamgeukia. "Msiba gani, kaka? Mimi nimenyimwa msiba." Kazungu akasogea kumpisha.

Nilimpa mtihani ule ule, sikumpunguzia. Tulikwenda naye hadi kwenye lori, jua la adhuhuri, watu wamejaa kwenye geti wakichungulia. Hawo alifuta mikono kwa leso yake bila kuambiwa. Akasimama upande wa dereva. Akabisha hodi kama anayerudi kwake.

Honi ikalia. Mimi nilishika msalaba wangu shingoni. Yeye aliinamisha kichwa akisikiliza hadi mlio wa mwisho ulipokwisha.

"Mama, hii si jibu," akasema. "Hii inaita mtu."

Akanieleza, na alipokuwa akinieleza nikaona aibu, kwa sababu alinieleza jambo ninalolijua. Maji yakifunika barabara, gari haliingii kabla mtu hajashuka kutangulia kwa miguu, anapapasa lami kwa nyayo aujue ukingo uko wapi. Mvua ikiwa nzito na matete yameinama, mtu huyo akienda mbali kidogo haoni tena alikotoka. Kwa hiyo anayebaki kwenye gari hupiga honi ili yule wa majini ajue njia ya kurudi. Kwenye lori la Barisa ilikuwa fupi, fupi, ndefu. Barisa alikuwa akishuka mwenyewe daima, hakumtuma taniboi, msaidizi wake wa lori, majini, na taniboi alibaki kwenye honi. Lakini safari ile taniboi alikuwa amebaki Garsen na homa. Mji mzima ulilijua hilo.

"Sasa siku ile nani alikuwa akimpigia honi?" nikauliza.

Hawo aliliangalia lori. "Hakuna mtu, mama," akasema.

Kisha akafungua mlango akaingia.

Tope la ndani lilikuwa limekauka hadi usawa wa kiti. Nilimpa mwiko wa kupigia lipu na karai. Alichimba taratibu, anajaza karai, mimi namwaga. Nitawaambia kweli: kila mwiko uliposhuka nilifumba macho, maana fimbo inaweza kukosea, na mimi sikutaka yule mama akutane na mfupa wa mumewe mbele ya macho ya Garsen nzima. Kazungu alikuja akachukua karai mkononi mwangu, akawa anamwaga yeye. Mchana ulikuwa kimya. Hata bati la karakana, ambalo hulia likipata joto, lilinyamaza.

Chini ya kiti cha taniboi kuna sanduku la zana. Hawo alikwangua kifuniko, akakiinua. Ndani palikuwa na makubazi ya Barisa, yamewekwa sambamba. Juu yake suruali, imekunjwa. Na katikati ya mkunjo wa suruali, simu yake, imefungwa kwa karatasi ya nailoni ya unga na kukazwa kwa mpira.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtu gani anatorokea Mombasa peku, bila suruali, bila simu? Barisa alifika penye maji, akavuta breki ya mkono, tuliikuta imevutwa. Akavua viatu na suruali akaviweka pakavu, akajifunga kikoi. Akapandisha vioo na kufunga milango, kwa sababu mafuriko yakija nyoka hutafuta pa kupanda, na kiti cha lori ni kikavu. Funguo zake alizifunga kwenye pindo la kikoi. Akaingia majini kuitafuta barabara, aje alivushe lori la watu. Maji yakaongezeka nyuma yake, yakalizoa lori pamoja na mchele.

Hebu fikirini. Sisi watu wa mto, tunaofunga milango yetu kila mwaka kwa ajili ya nyoka, tunaofunga funguo kwenye pindo tukivuka, ndio tuliosema mtu aliyefunga mlango ni mtoro. Umbea ulitutangulia tukaufuata peku, hatukupima hata kina chake.

Hawo aliyapakata yale makubazi akalia. Alilia kwa sauti, ule mlio uliokuwa umezuiliwa kwake, nasi tulilia naye, hata wale wa getini waliomwona Barisa akila samaki. Alipomaliza aliweka kiganja juu ya stelingi, akalisemesha lori kwa Kiorma. Sikuyashika yote, ila kwa tunavyoishi pamoja nilielewa. Alisema, basi. Usimwite tena. Harudi.

Kazungu alifuta mikono, akabisha hodi upya. Kikawa kimya, kimya chenyewe kile cha Salim. Tukaanza kazi.

Viatu na simu vilipelekwa kwa wazee na kwa kadhi. Ndugu za mume wakaja kumwomba Hawo radhi, matanga yakakaliwa, naye akaingia eda yake kama mke wa mtu mwema. Karisa aliniuliza ni mwajiri gani huyu anayemwandika mtu leo na kumpa likizo ndefu kesho. Nikamwambia atafute mwingine wa kufungua kabini kama anaona rahisi. Akasaini. Eda ilipokwisha Hawo alirudi, na mpaka leo ndiye mkubwa wa upande wa kabini. Mtakuwa chini yake. Msimdanganye, anajua.

Lori lile limetawanyika. Mlango wake uko kwenye gari la maji la Hewani, ekseli iko kwenye mkokoteni wa mtu wa Kinakomba. Honi ndiyo haikupata mnunuzi. Ilikaa kwenye rafu, na watu wakipita pale walipita upande wa pili. Hawo akaiomba. Akaifunga kwenye kitoroli cha magurudumu ya pikipiki na betri kuukuu aliyoifufua mwenyewe, na kila mto ukifura na barabara kuzama, huenda nayo hadi ukingo wa maji, upande huu wa Garsen, akawapigia honi wanaovuka kwa miguu. Wako watu hai leo kwa ajili ya honi ile.

Mafuriko haya ya mwisho, nikiwa nimeshastaafu, nilikwenda kumpelekea chai. Ilikuwa alasiri, mvua nyembamba, ukungu umekaa juu ya maji. Hatukuona mbali. Hawo anapiga, ananyamaza, anapiga. Akatokea mtu mmoja kutoka kwenye ukungu, mchuuzi, maji kifuani, furushi kichwani, meno yanagongana. Tulimvuta mkono akapanda lami. Nikampa chai yangu.

"Asanteni, mama zangu," akasema. "Bila honi na bila yule mwenzangu, ningekwisha."

"Mwenzako yupi?" nikamwuliza.

"Yule aliyenitangulia. Mimi barabara ilinipotea huko kati. Nikasikia funguo zinalia mbele yangu, nikaona mtu amefunga kikoi, anapapasa kwa miguu. Nikawa nakanyaga alipokanyaga." Aliangalia huku na huku barabarani. "Ametoka wapi yeye? Nataka nimshukuru."

Hapakuwa na mtu aliyetoka. Tulikuwa pale tangu mchana. Nilimwangalia Hawo. Alikuwa ameyakazia macho maji, na uso wake sijawahi kuuona hivyo kabla wala baada. Mchuuzi akarudia swali lake.

Hawo akafuta mikono kwa leso. Akashika honi akapiga, fupi, fupi, ndefu, akasubiri, akapiga tena.